Hakuna Mawimbi: Tafuta Kosa Kuanzia Sebuleni, Dishi Liwe la Mwisho

Mama mmoja wa Bwiru, hapa Mwanza, alinipigia simu Jumamosi asubuhi. Nikamwamkia, akaitikia haraka haraka: "Marahaba mwanangu. TV imeandika hakuna mawimbi tangu jana usiku. Kijana wa jirani amepanda juu, amelizungusha dishi kila upande, wapi!" Nilipofika nikachomoa kebo nyuma ya king'amuzi. Waya wa katikati ulikuwa umeota kutu ya kijani. Nikaikata ncha, nikavalisha koneta mpya, kazi ya dakika tano. Kisha nikapanda juu ya bati na kukaa huko saa mbili na zaidi, nikilirudisha dishi mahali lilipokuwa kabla halijaguswa. Dishi lilikuwa zima tangu mwanzo.

Jambo hili nimekutana nalo Igogo, Kirumba, Buhongwa, hadi ng'ambo Sengerema. Mtu akiona skrini tupu, mawazo yake yanakimbilia paani, kwa kuwa dishi ndilo linaloonekana. Lakini dishi lililofungwa kwa nati zilizokazwa, juu ya nguzo imara, halihami lenyewe. Vinavyochakaa ni koneta (kile kichwa cha chuma kwenye ncha ya kebo), kebo na LNB (kile kichwa kilicho mbele ya dishi). Kwa hiyo nakuomba uwe na mpangilio: king'amuzi kwanza, kebo pili, LNB tatu, dishi mwisho. Maneno ya kifundi nitayaeleza kila moja tutakapolifikia, maana dalili nyingi hazieleweki mpaka ujue neno lililo nyuma yake. (Matangazo rasmi husema kisimbuzi, mitaani tunasema king'amuzi. Ni kitu kilekile.)

Mistari miwili ambayo watu hawaisomi

Ingia kwenye menyu ya king'amuzi, utafute ukurasa wa usakinishaji au taarifa za mawimbi. Utakuta mistari miwili inayojaa rangi na asilimia pembeni. Mmoja ni nguvu, mwingine ni ubora. Hii si kitu kimoja, na kutoitofautisha ndiko kunakowapandisha watu paani bure.

Nguvu ni jumla ya kila kinachofika kupitia kebo: mawimbi unayoyataka, pamoja na kelele inayotokana na LNB yenyewe. Ubora ni kiasi ambacho king'amuzi kinaweza kusoma data iliyomo bila makosa. Fikiria umesimama Mwaloni Kirumba alfajiri, samaki wanashushwa, kila mtu anaita. Sauti ni tele, lakini maneno ya mtu mmoja unayemtafuta huyapati. Hapo nguvu ipo, ubora haupo. Dishi linaweza kuelekea kwenye mwembe na bado mstari wa nguvu ukafika nusu, kwa sababu LNB hukuza kila kitu, hata kelele yake. Usikubali fundi akuambie "mawimbi yapo" kwa kuonyesha mstari wa nguvu peke yake.

Ukishaielewa tofauti hiyo, mistari miwili inakupa nusu ya jibu ukiwa umekaa kwenye kochi. Yote miwili ikiwa sifuri, umeme haufiki kwenye LNB, au LNB imekufa. Shida iko kwenye koneta, kebo au kifaa, na kugeuza dishi hakutasaidia chochote. Nguvu ikiwepo na ubora ukiwa sifuri, LNB iko hai lakini haioni setilaiti yako: kuna kizuizi, dishi limesogezwa, au mipangilio ya king'amuzi imevurugwa na mtoto mwenye rimoti. Nguvu ikiwa imara huku ubora ukipanda na kushuka, kuna kitu kinatikisika au kinalowana. Na mistari yote ikiwa juu huku skrini ikiwa nyeusi, acha dishi, nenda kwenye sehemu ya malipo huko chini.

Kila king'amuzi kina kipimo chake. Asilimia 70 za kwako si asilimia 70 za jirani. Kwa hiyo kuna jambo moja ninalowasisitizia wateja wangu wote: siku ya jua, picha ikiwa safi, fungua ukurasa huo, andika namba zote mbili kwenye kikaratasi, ubandike nyuma ya king'amuzi. Siku ya tatizo utakuwa na cha kulinganisha. Nimeshatatua matatizo kwa simu, mteja akiwa Nansio kisiwani Ukerewe na mimi nikiwa Nyakato hapa Mwanza, kwa sababu tu alikuwa na kikaratasi hicho.

Chaneli zote zimekata, mistari yote sifuri

Zima king'amuzi na uchomoe plagi ukutani kabla ya kugusa koneta. King'amuzi kinapeleka umeme kwenye kebo, na uzi mmoja wa wavu wa nje (zile nyuzi nyembamba za chuma chini ya gamba la kebo) ukigusa waya wa katikati unapata shoti. Ving'amuzi vingine hujikinga, vingine huungua palepale.

Sasa chomoa koneta uitazame. Waya wa katikati unatakiwa kuwa mwekundu unaong'aa, umenyooka, umetokeza milimita 2 au 3 nje ya ukingo wa koneta. Ukiwa wa kijani au mweusi, unyevu umeingia. Kata sentimeta chache mpaka ufike kwenye shaba safi, kunja uzi wa wavu nyuma, valisha koneta upya. Hakikisha hakuna hata uzi mmoja wa wavu uliobaki karibu na waya wa katikati. Nadhani hapa ndipo nusu ya kazi zangu zote zinapoishia.

Fuata kebo kwa macho na mkono: dirishani inapobanwa, kwenye kenchi panya wanapopita, mahali palipoungwa. Penye kiungo pana mashaka. Kebo nzuri kwa kazi hii ni RG6 yenye ukinzani wa omu 75, si ile nyembamba ya antena za zamani. Hata RG6 ya meta 30 inakula takriban desibeli 10 kwenye masafa ya juu. Desibeli ni namna ya kuhesabu uwiano: ukipoteza desibeli 3 umebaki na nusu, ukipoteza 10 umebaki na sehemu moja ya kumi. LNB inayakuza mawimbi vya kutosha kustahimili hasara hiyo, lakini ukiongeza kebo mbovu na viungo vitatu vya kusokota kwa mkono, akiba inaisha.

Ukiwa na mita ya umeme, pima kwenye ncha ya juu ya kebo, ile inayoingia kwenye LNB, king'amuzi kikiwa kimewashwa. Kati ya waya wa katikati na ganda la koneta unatakiwa kupata volti 13 au 18 hivi, kutegemea chaneli uliyoichagua. Ukipata sifuri juu na 13 chini, kebo imekatika njiani. Ukipata sifuri hata nyuma ya king'amuzi chenyewe, kagua kwenye menyu kama umeme wa LNB umezimwa. Ukiwa umewashwa na bado hakuna kitu, king'amuzi ndicho kibovu. Umeme ukiwa sawa juu na chini, na mistari bado ni sifuri, hapo ndipo unapobadilisha LNB.

LNB inafanya nini hasa

Kile kichwa kilichoning'inia mbele ya dishi watu wanakiita jicho, na si vibaya, lakini kinafanya kazi tatu. Mawimbi ya setilaiti kwenye bendi ya Ku, ile ya madishi madogo ya nyumbani, yanashuka yakiwa na masafa ya gigahezi 10.7 hadi 12.75. Mawimbi ya juu hivyo hayawezi kutembea ndani ya kebo ya kawaida. Yangekwisha kabla hayajafika sebuleni. LNB inayakusanya, inayakuza bila kuongeza kelele nyingi, kisha inayashusha hadi megahezi 950 mpaka 2150, ambayo kebo inayamudu.

Kushusha huko kunafanywa kwa kutoa namba. Ndani ya LNB ya kawaida kuna mashine ndogo ya kutengeneza masafa yake yenyewe, 9750 kwa bendi ya chini na 10600 kwa bendi ya juu. Chaneli iliyo kwenye 11,000 ikitolewa 9750 inabaki 1250, na hiyo ndiyo inayopita kwenye kebo. Ndiyo maana menyu inakuuliza aina ya LNB. Ukiandika namba zisizo za LNB yako, king'amuzi kinatafuta chaneli mahali ambapo haipo: nguvu utaiona, ubora utabaki sifuri milele, na dishi halina kosa lolote.

Baadhi ya chaneli zimepotea, nyingine safi

Dalili hii naipenda kuliko zote, kwa kuwa inakuonyesha kosa lilipo ukiwa na subira ya kuandika. Chukua kalamu, orodhesha zinazoonekana na zisizoonekana, kisha utazame masafa ya kila moja kwenye taarifa za chaneli.

Setilaiti haipeperushi kila chaneli peke yake. Ina mitambo mingi inayoitwa transponda, na kila transponda inabeba kifurushi cha chaneli kadhaa kwa pamoja. Mawimbi yake yanasafiri yakitikisika kwa wima au kwa mlalo, ili masafa yaleyale yatumike mara mbili bila kugongana. King'amuzi kinaiambia LNB ichukue yapi kwa kubadili umeme: volti 13 kwa wima, volti 18 kwa mlalo. Kutaka bendi ya juu kinaongeza mtikisiko wa kilohezi 22 juu ya umeme huohuo. Kutaka bendi ya chini kinauondoa. Mpaka kati ya bendi hizo ni gigahezi 11.7.

Rudi kwenye orodha yako. Kama zilizopotea zote ni za mlalo, volti 18 hazifiki juu. LNB nyingi zinaamua kwenye volti 15 hivi: chini ya hapo zinajua ni wima. Kebo ndefu au koneta yenye kutu ikila volti 4, unaomba mlalo, LNB inakupa wima. Safisha koneta kwanza, halafu fikiria kebo, halafu king'amuzi chenyewe kama hakitoi 18. Kama zilizopotea zote ziko juu ya gigahezi 11.7, tafuta tatizo la kilohezi 22, ama kwenye mipangilio ama kwenye LNB. Nyumba yenye madishi mawili na swichi ya DiSEqC kati yake (kifaa cha kuchagua dishi lipi lisomwe) ina mtuhumiwa mwingine: swichi hizo zikifungwa nje bila kifuniko, maji yanaziua. Iruke swichi, unganisha LNB moja kwa moja na king'amuzi, uone.

Na kama zilizopotea ni za transponda moja tu, mara nyingi nyumbani kwako hakuna kosa. Mtangazaji amehama masafa, au amebadili kasi ya simboli, ile namba kama 27500 inayofuata masafa kwenye menyu. Kasi hiyo ni idadi ya alama zinazorushwa kwa sekunde, katika maelfu, na king'amuzi lazima kiijue. Tafuta chaneli upya, basi. Ikiwa transponda imehamia mfumo mpya wa urushaji, DVB-S2, na king'amuzi chako ni cha zamani cha DVB-S, hutaipata hata ukinunua dishi la meta 3.

Kwa wanaofuata chaneli za bure zenye kasi ndogo ya simboli kuna jambo la ziada. LNB ya bei nafuu ikipigwa na jua la mchana, yale masafa yake ya ndani yanasogea kidogo. Chaneli pana haijali. Chaneli nyembamba inapotea saa nane mchana na kurudi jioni. Dawa ni LNB ya aina ya PLL, ambayo masafa yake hayasogei kirahisi.

Picha inaganda na kuvunjika vipande

Enzi za analojia picha ilichoka polepole: chengachenga kwanza, halafu kivuli, halafu sauti peke yake. Mitambo ya analojia ya ardhini ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na Mwanza ikafuata mapema 2013, na wengi bado wanasubiri dalili za namna ile. Mawimbi ya dijitali hayachoki polepole. Picha inabaki safi kabisa huku ubora ukishuka, ukishuka, mpaka ufike ukingoni, kisha kwa mpigo mmoja vipande, na baada ya hapo hakuna kitu.

Sababu yake ni masahihisho. Pamoja na data ya picha, setilaiti inarusha data ya ziada ya kurekebisha makosa njiani. Ukiona 3/4 kwenye menyu, maana yake kati ya kila sehemu 4 zilizorushwa, 3 ni kazi yenyewe na 1 ni ya kusahihisha. Makosa yakiwa machache, king'amuzi kinayafuta na wewe huoni chochote. Yakizidi uwezo wa ile sehemu moja, kila kitu kinaporomoka pamoja. Umbali kati ya ubora wako wa kawaida na ukingo huo ndiyo akiba yako. Picha ya leo haikuonyeshi akiba. Namba kwenye kikaratasi ndiyo inayokuonyesha.

Mvua ndiyo inayokula akiba hiyo kwanza. Kwenye gigahezi 12 urefu wa wimbi ni sentimeta 2.5, na matone makubwa ya mvua yanalipunguza na kulitawanya. Bendi ya C, ile ya madishi makubwa ya wavu yaliyobaki kwenye baadhi ya vibanda umiza, ina wimbi la sentimeta 7.5 hivi na mvua haiisumbui sana.

Sisi wa pwani ya ziwa tuna jambo letu la pekee. Azam TV inapokewa kutoka setilaiti iliyo nyuzi (digrii) 7 Mashariki, na DStv kutoka nyuzi 36 Mashariki. Hapa Mwanza dishi la nyuzi 7 linatazama magharibi, kuvuka ghuba kuelekea upande wa Sengerema, kwa mwinuko wa nyuzi 60. Mvua inaanzia kwenye kimo cha kilometa 5 hivi, kwa hiyo njia ya mawimbi inapita ndani ya mvua iliyo hadi kilometa 3 magharibi mwa nyumba yako. Wingu likiwa bado juu ya maji, kabla tone la kwanza halijagonga bati, picha imeshakata. Dishi la nyuzi 36 linatazama karibu utosini na linakatika mvua ikiwa juu yako hasa. Nimewahi kusimama Igogo, madishi mawili kwenye paa moja, nikaangalia moja likikata, dakika chache baadaye lingine likakata huku la kwanza likirudi.

Mvua kubwa ikikata picha kwa dakika 10, huo si ubovu. Ikiwa manyunyu tu yanakata, akiba yako ni ndogo: dishi halijalengwa sawasawa, LNB imechoka, au dishi ni dogo. Kutoka sentimeta 60 kwenda 90, eneo linaongezeka mara 2.25, sawa na desibeli 3.5. Ni nyongeza kubwa, lakini usinunue dishi jipya kabla hujakagua koneta.

Picha ikibaki mbovu hata saa kadhaa baada ya mvua, na kupona jua likiwaka, hiyo si mvua ya angani. Hayo ni maji ndani ya koneta ya LNB au ndani ya LNB yenyewe. Kile kifuniko cha plastiki cha mbele kinapasuka kwa jua baada ya miaka. Koneta ya juu izungushie tepu ya mpira inayojigandisha yenyewe, kuanzia chini kwenda juu, mithili ya vigae vya paa, ili maji yateleze nje. Kufunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli sikushauri: maji yakishaingia hayatoki. Kabla kebo haijaingia ndani ya nyumba, iache ining'inie kidogo chini kama kitanzi ili maji yadondokee hapo.

Upepo ukivuma picha ikatika, shika ukingo wa dishi uutikise taratibu. Ukisikia mchezo, kaza nati kwa spana, na ukague kama nguzo yenyewe imekaza kwenye zege. Dishi la sentimeta 90 linaona angani upana wa nyuzi 2 hivi tu, na ukingo wake ukisogea hata chini ya sentimeta 1 tayari limegeuka uzi 1. Korongo wakubwa wa mjini wanaotua kwenye mkono wa LNB wanatosha kuusogeza. Kunguru nao. Tazama pia tando za buibui na rundo la wadudu wa ziwani mbele ya LNB. Pangusa kwa kitambaa kibichi, usikwangue.

Halafu miti. Kwetu milima na miamba si kizuizi kama watu wanavyodhani, kwa sababu tunatazama juu sana. Nyumba iliyo chini ya majabali ya Mabatini inaweza kupokea vizuri kabisa. Lakini mwembe uliopandwa siku dishi lilipofungwa umekua. Kwa dishi la nyuzi 7, kitu kilichozidi kimo cha dishi kwa meta 10 kinatakiwa kiwe angalau meta 6 mbali upande wa magharibi. Ubora unaopungua mwezi baada ya mwezi, na kuwa mbaya zaidi majani yakilowa, ni tawi.

Dishi limehama nyumba, au limekuja kutoka Dar

Hapa ndipo dishi lenyewe linapohusika kweli. Setilaiti hizi ziko juu ya ikweta, kimo cha kilometa 35,786, zikizunguka kwa mwendo wa dunia hivyo zinaonekana zimesimama. Pembe unazotumia zinategemea ulipo. Anayehamia Mwanza kutoka Dar es Salaam na dishi lake, akalifunga kama lilivyokuwa, hapati kitu.

Kwa nyuzi 7 Mashariki, Dar mwinuko ni kama nyuzi 52. Mwanza ni karibu 60, mwelekeo ni magharibi, ukiegemea kaskazini kidogo sana. Kwa nyuzi 36, Dar dishi linaegemea kaskazini-magharibi. Mwanza linaegemea kaskazini-mashariki, upande wa Musoma, na mwinuko ni nyuzi 85, yaani limelala karibu chali. Anza na nguzo: ipime kwa pimamaji au timazi pande mbili. Nguzo isiyo wima inafanya namba zote za kwenye bano kuwa uongo. Dira ya simu isome ukiwa hatua kadhaa mbali na bati na nguzo, maana chuma kinaivuta.

Kwenye nyuzi 36 mafundi wengi wanapoteza muda kuzungusha dishi kushoto na kulia. Kwa mwinuko wa 85, kuzungusha nyuzi 10 kwenye nguzo kunasogeza shabaha angani chini ya uzi 1. Kinachoamua ni mwinuko. Uweke sawa kwanza, ndipo uzungushe. Kwenye nyuzi 7, mzunguko na mwinuko vyote vina uzito.

Kisha LNB yenyewe lazima izungushwe ndani ya bano lake, na hili ndilo linalosahaulika zaidi. Karibu na ikweta mawimbi ya wima hayatufikii yakiwa wima. Kwa nyuzi 7 hapa Mwanza yanafika yamepinda nyuzi 84 hivi, karibu robo ya duara. Kwa nyuzi 36 yamepinda kama nyuzi 51, wakati Dar yamepinda kama 26, tena upande mwingine. Ukiiacha LNB ilivyokuwa Dar, wima na mlalo vinachanganyika, ubora unakataa kupanda hata dishi likiwa limelenga barabara. Ukishapata ubora wowote, izungushe LNB kidogo kidogo, subiri sekunde chache kila mara king'amuzi kihesabu, simama penye namba kubwa. Fanya hivyo kwenye chaneli ya wima na ya mlalo pia. Kaza nati kwa zamu, ukitazama namba, kwa sababu kukaza kwenyewe kunasogeza.

Usifanye kazi hii bati likiwa limelowa, wala karibu na nyaya za umeme za mtaani. Radi za ziwani zikianza kunguruma, shuka, chomoa plagi na kebo ya dishi pia.

Mistari iko juu, skrini nyeusi

Ni malipo au kadi. Idhini ya kufungua chaneli inakuja kwa setilaiti hiyohiyo, kwa hiyo king'amuzi kilichozimwa hakiipokei. Ukilipa, kiache kimewashwa kwenye chaneli unayoitaka kwa muda. Kama kina kadi, ichomoe, pangusa sehemu ya dhahabu kwa kitambaa kikavu, irudishe.

Kila mchana saa ileile inakata, kisha inarudi

Ikitokea karibu na tarehe 20 hivi za Machi au Septemba, siku kadhaa mfululizo, kwa dakika chache, jua ndilo lililopita nyuma ya setilaiti. Jua nalo linatoa mawimbi, na likikaa kwenye mstari mmoja na dishi linafunika kila kitu. Utaona nguvu ikipanda huku ubora ukianguka. Hapa Mwanza kwa nyuzi 36 ni kati ya saa sita na nusu na saa saba kasoro mchana. Kwa nyuzi 7 ni saa tisa kasoro hivi. Siku hizo ndizo ninazopigiwa simu na watu walioshika spana tayari. Weka spana chini. Kesho yake kukatika kutakuwa kufupi zaidi au kurefu kidogo, na kabla ya wiki kuisha namba zitarudi zilivyo kwenye kikaratasi chako, dishi likiwa halijaguswa.